Katoni Chini ya Kitanda Changu

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Aprili. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikapungua palipopambazuka, halafu ikabaki rasharasha isiyomlowesha mtu wala kumwacha akauka.

Naandika leo hii, kabla jambo halijalala. Najijua. Jambo likikaa na mimi siku mbili tatu linaanza kunipendelea, linanitafutia sababu, na nikija kuliandika nakuta nimekuwa mtu mzuri ndani yake. Shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo mpangilio wangu si wa vitabu. Nitajaribu tu kumweka kila mtu mahali pake, na mimi pangu.

Ilianza Jumatano, paa lilipovuja. Nyumba yetu hapa Makongeni ni zile za zamani za watu wa reli, na mvua ya Aprili inajua mahali pa kuingilia kuliko sisi tunaoishi ndani. Maji yalishuka ukutani upande wa kitanda changu. Nikainama kuvuta vitu vya uvunguni: sanduku la bati, beseni la nguo za baridi, na katoni moja kubwa ya kahawia ambamo nimeweka vitu vya marehemu mume wangu. Ovaroli yake, kofia yake, ripoti za shule za watoto alizokuwa akizisoma kwa sauti kama barua iliyotoka serikalini. Katoni ilikuwa imelowa pembe moja. Nikatoa vitu, nikaifungua juu na chini, nikaiweka juu ya kiti ikauke.

Hapo ndipo nilipoona. Hapana, nisiseme hivyo. Hapo ndipo nilipokubali kuangalia.

Katoni hiyo niliitengeneza kwa mikono yangu. Nilifanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda cha katoni kule viwandani, mahali ambapo kutoka hapa nilikuwa nafika kwa miguu. Mtu akiiona katoni anadhani ni karatasi nene. Si moja, ni tatu. Ya nje na ya ndani ni nyororo, na katikati kuna nyingine iliyopitishwa kwenye magurudumu ya chuma yenye meno, kwa moto na mvuke, ikatoka imejikunja mawimbi mawimbi kama bati la nyumba. Zinashikana kwa gundi ya wanga wa mahindi. Ndiyo maana asubuhi kiwanda kizima kilinuka uji, na sisi tulioingia bila chai tuliteseka.

Nguvu yote ya katoni iko kwenye yale mawimbi. Yakisimama wima, kutoka sakafuni kwenda juu, kila wimbi ni kinguzo, na vinguzo vingi vya karatasi vikisaidiana hubeba mzigo usioaminika. Yakilala ubavu, ukuta wa katoni unajikunja kama mkeka. Kujua ni rahisi. Katoni iliyo sawa, ukiangalia ukingo wa juu wa vifuniko vyake unaona vitundu vidogo vimejipanga. Hivyo ndivyo vichwa vya mawimbi. Katoni iliyokuwa juu ya kiti changu Jumatano haikuwa na vitundu juu. Vilikuwa ubavuni.

Aliyenifundisha kuangalia vitundu alikuwa mkaguzi wetu pale kiwandani. Nikisema mkaguzi usifikirie mtu wa tai. Alivaa dastikoti ya kijivu iliyotoboka mfuko, na kazi yake ilikuwa kupita katika kila lundo la karatasi kabla halijaja kwetu kwenye mashine, na kusema ndiyo au hapana. Ofisini kulikuwa na kimashine cha kupimia, lakini kilikuwa kikiharibika kila mara, na vidole vyake havikuharibika. Alibana karatasi kwa vidole viwili, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. Iliyonyonya unyevu hujibu kwa uvivu. Gundi aliinusa na kuipaka kati ya dole gumba na cha shahada, akajua kama wanga umeiva. Wanaume wa pale walimtania kwamba hata mkewe alimgonga ukucha kwanza, akasikiliza, ndipo akapeleka ng'ombe wa mahari. Alikuwa akijibu kwamba ndiyo, na mbona ndoa yake haijabomoka.

Alitoka upande mmoja na marehemu mume wangu, kule Magharibi, kwa hivyo alikuwa akiniita shemeji, nami nikamwita shemeji, ingawa alimpita mume wangu kwa miaka mingi. Wiki yangu ya kwanza aliokota gazeti, akalipasua kutoka juu kwenda chini. Likapasuka moja kwa moja, kama limekatwa kwa wembe. Akaligeuza, akalipasua kwa upana. Likaenda ovyo, likapinda, likaishia pabaya. Akasema, "Karatasi ni kama watu wa kwetu, shemeji. Ukiivuta isikotaka inakupasukia inavyotaka yenyewe." Nilicheka, lakini sikusahau. Mpaka leo nikifungua pakiti ya unga nafikiria njia ya karatasi.

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua kama huu, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kupiga mikunjo, ile inayoweka mistari ambayo katoni itakunjiwa. Oda ilikuwa ya katoni za maziwa ya pakiti. Zilikuwa kubwa, kwa hivyo kila moja ilitokana na vipande viwili vilivyoshonwa kwa waya, na kila kipande kilikuwa karibu mraba. Hapo ndipo penye hatari. Kipande kirefu hakiwezi kuingia kimegeuka, mashine yenyewe inakikataa. Cha mraba kinaingia vyovyote utakavyokipa.

Mvua ikaanza kudondoka juu ya troli yangu. Paa la kiwanda lilivuja pale pale nilipozoea kusimama. Nilichofikiria ni maji tu, kwa sababu karatasi ikilowa ni taka, na tulikuwa tumefundishwa kuikinga kama mtoto. Nikaisukuma troli nikaizungusha mpaka upande mkavu wa mashine, nikaanza kulisha kutoka huko. Troli niliizungusha. Vipande sikuvigeuza vikae kama mwanzo. Ndiyo kusema vyote vilivyoingia kutoka upande ule viliingia mawimbi yakiwa yamelala.

Vilikuwa vingapi sijui. Labda nusu ya lundo. Mvua ilipokatika nikarudi upande wangu, na vilivyobaki vikaingia sawa. Shemeji alikuwa ameshalikagua lundo lile asubuhi, na asubuhi lilikuwa zuri. Kawaida angerudi kuangalia mikunjo, lakini mchana huo alikuwa ameitwa kwenye mashine kubwa ambako karatasi ilikuwa ikikatika kila mara. Na ukweli mwingine ni kwamba hakunitilia shaka. Kwa miaka yote sikuwa nimewahi kugeuza kipande. Msimamizi naye alikuwa akituharakisha, lakini lori lilikuwa limeshafika mlangoni na dereva anapiga honi. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningeharakisha.

Jioni ile nilibeba katoni moja kutoka oda hiyo. Wino ulikuwa umeichafua, na zilizochafuka tuliruhusiwa kwenda nazo nyumbani. Nikatia vitu vya marehemu, nikaisukuma chini ya kitanda.

Hazikupita wiki mbili habari ikaja. Kwenye ghala la mwenye maziwa, safu ya chini ilikuwa imelegea, mlundo ukaegemea mlundo, ikaenda chini yote. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapokumbuka. Lakini pakiti zilipasuka, na walisema maziwa yalitiririka mpaka nje ya lango. Walituletea katoni chache kama ushahidi. Zilikuwa zimeloa maziwa siku nzima, zimekuwa kama uji, karatasi tatu zimeachana kila moja na njia yake. Ukiangalia kitu kama hicho unaona jambo moja tu: gundi haikushika. Na gundi ya siku ile nani aliipitisha? Aliipitisha shemeji.

Aliitwa ofisini, akafukuzwa kazi. Aliporudi alikuja kuchukua dastikoti yake kwenye msumari karibu na mashine yangu. Hakuwa na hasira. Ningependa kuandika kwamba alikuwa na hasira. Alisimama akiangalia vidole vyake kama mtu aliyekopesha kitu kikarudi kimevunjika. Akaniambia, "Mkono umenidanganya, shemeji. Niliinusa ile gundi. Niliigusa. Ningeapa ilikuwa imeiva."

Nami kichwani nilikuwa naiona troli ikizunguka. Nilifungua mdomo. Nikasema pole.

Nimejaribu kwa miaka kulipima neno hilo. Kwa upande wangu naweza kusema sikuwa na hakika, kwa sababu gundi mbaya pia hutokea, na unyevu wa ghala, na kupanga juu kupita kiasi. Naweza kusema nilikuwa mjane na watoto watatu. Lakini yeye alikuwa na watano, kwa hivyo hilo halinibebi popote. Na kuhusu hakika, hakika ilikuwa chini ya kitanda changu. Ningeinama tu. Jioni yoyote, kwa miaka tisa, ningeinama na taa nikaangalia vitundu viko wapi. Nilifagia kuizunguka. Mara mbili tulipopaka rangi nyumba niliisogeza, nikaangalia pembeni kama mtu anayepita karibu na mtu anayemdai.

Shemeji alihamia Njiru, kwenye kiploti alichokuwa ameanza kujenga polepole, akafuga kuku. Karakana moja ya katoni ilisikia yuko nje, ikamtumia mtu aende kuwakagulia. Alikataa. Alisema vidole vyake vimeisha, na mtu asiyejua kuwa ameisha ni hasara kwa wenzake. Baadaye ugonjwa wa sukari ukamla macho, kwanza moja, kisha la pili. Hata kuchambua mchele na mkewe alikataa, eti ataacha mawe.

Nilikuwa nikienda kuwaona kila baada ya miezi michache. Na kila nilipokwenda, kuku alichinjwa. Kwetu kuku ndiye heshima ya mgeni, na firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamke hapewi. Yeye alinipa mimi. Alimwambia mkewe aniwekee sahanini, akisema mwanamke aliyesukuma mashine miaka kumi na minne ni mwanaume mwenzake. Mkewe, ambaye huniita mke mwenza kwa utani wa kwetu wa walioolewa ukoo mmoja, alilalamika kwamba yeye amepika kuku mia na hajui firigisi ina ladha gani. Tulikuwa tunacheka. Nilikula. Sijui nimekula firigisi ngapi za mtu yule.

Baada ya kuona vitundu Jumatano sikulala vizuri. Alhamisi nikamweleza binti yangu, ambaye tunaishi naye na mtoto wake mdogo wa kike. Alikuwa anamsuka mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mathe, hiyo stori ni ya kitambo," akasema. "Ukimwambia, wewe ndio utalala. Na yeye?"

Niliona swali lake ni la haki, na bado naliona hivyo. Nililibeba Alhamisi yote na Ijumaa. Tena mke wa shemeji alikuwa amenipigia simu wiki iliyopita akasema miguu imevimba, daktari ameanza kuongea nao kwa upole. Nilijua maana yake. Mtu yule atakwenda chini ya udongo akiamini kwamba mikono yake ilimsaliti, na mimi nitakuwa pale nikiimba pamoja na akina mama. Hilo ndilo lililonivusha mlango leo asubuhi. Sijui kama ni kumhurumia yeye au ni kuogopa kuimba.

Niliikunja katoni, nikaifunga kamba, nikaivika mfuko wa nailoni kwa ajili ya rasharasha. Nguo za marehemu nikaziacha juu ya kitanda.

Nilifika Njiru saa nne hivi. Mkewe alinipokea mlangoni, akasema, "Mke mwenza, mvua imekupiga," akanivua shali akaianika. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, redio ndogo magotini, miguu imeinuliwa juu ya kistuli. Kabla sijamsalimu alinyoosha kidole kule nilikoegemeza mzigo. Alikuwa ameusikia ukikwaruza mlango.

"Hiyo ni katoni. Kubwa, na imekunjwa. Umefukuzwa Makongeni, shemeji, ama umekuja kuolewa?"

Mkewe akasema nafasi ya mke wa pili ipo, kuni za kupasua ziko nyuma ya nyumba. Nikacheka nao. Kisha nikasikia kuku akilia nyuma, na mkewe akapita na tetea jekundu amelifunga miguu, akaliweka karibu na mlango wa jikoni, akaenda kuinjika maji. Nilitaka kumzuia. Nilitaka kusema kabla maji hayajachemka, na ndiyo maana nililisema vibaya, bila kulizungusha. Nilimwambia katoni za maziwa hazikuanguka kwa sababu ya gundi. Nikamweleza mvua, na troli, na upande mkavu.

Alizima redio. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote yaliyofuata.

"Wamekuambia nakufa," akasema. "Umekuja kunifariji. Asante, shemeji. Lakini usijibebeshe mzigo wa mtu kwa sababu ni mgonjwa. Ile gundi niliipitisha mimi."

Nikasema sivyo. Akasema ananijua, kwamba mimi ni mtu wa kujishuku hata kwa chumvi ya mboga, na kwa miaka yote nimekuwa nikisaga jambo hili mpaka nimejitia ndani yake. Na kweli mimi niko hivyo. Kwa dakika moja nilitaka kumwamini. Ilikuwa rahisi sana, alikuwa amenifungulia mlango yeye mwenyewe, na ningeweza kula kuku nikarudi nyumbani.

Nikafungua kamba, nikaikunjua katoni, nikaiweka magotini pake.

Aligusa ukingo kwanza. Dole gumba likapita juu ya kifuniko, taratibu, likarudi. Likashuka ubavuni, likasimama. Aliweka ukucha kwenye vitundu, akausogeza kutoka kimoja hadi kingine. Akatafuta mkunjo, akautambua, akaigeuza, akatafuta mshono wa waya. Kisha akaniambia niisimamishe sakafuni mbele yake. Akaegemea mbele, akaweka viganja viwili juu ya kuta zake, akasukuma chini. Haikuchukua nguvu nyingi, kwa sababu nguvu hana. Kuta zikajikunja nje kwa mkunjo mmoja mrefu, laini, bila kelele. Katoni nzuri hupiga kelele kabla ya kukubali.

Mkewe alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kisu mkononi. Sote watatu tuliisikia ikinyamaza.

"Gundi imeshika," akasema shemeji. Alikuwa akizibana karatasi tatu kwa vidole, akijaribu kuziachanisha, na hazikuachana. "Miaka tisa, na bado imeshika."

Alirudia hilo mara mbili au tatu, kwa sauti ya chini, si kwangu. Kisha akamwita mkewe amletee karatasi yoyote iliyo ndani. Mkewe akamletea boksi la dawa zake, na kipande cha katoni walichokuwa wamemtandikia kuku anayeatamia. Akagonga la dawa kwa ukucha, akasema karatasi hii ni ngeni, ni ya miti, haijawahi kuwa kitu kingine. Akashika kile kipande, akakipasua kidogo, akakipeleka puani. Akasema hii ni ya taka, imesagwa ikarudiwa, si chini ya mara tatu, na imelala penye unyevu siku mbili.

"Siku mbili," mkewe akasema. "Nilimtandikia Alhamisi." Akaketi pale pale kwenye kizingiti na kisu chake, akaanza kulia bila sauti.

Naye alikuwa akicheka. Alipapasa kila kilichokuwa karibu, kalenda ya ukutani, jalada la Biblia, akaitaja karatasi ya kila kimoja. Sikuwa nimemwona hivyo tangu kiwandani. Na ninataka niandike wazi kwamba nilifurahi. Nilifurahi kweli, kwa muda kama wa kumeza mate. Nikadhani tumemaliza.

Kisha vidole vikarudi kwenye katoni. Alipata ile alama ya wino iliyokauka, inayokwaruza kidogo, akajua ni nini.

"Hii haikutoka ghalani," akasema. "Hii ilikuwa ya kwenda nayo nyumbani. Imekuwa wapi?"

Nikasema chini ya kitanda.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na wewe unajua vitundu. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Angenikemea ningejua la kufanya, ningepiga magoti. Hakukemea. Alizungumza kama anavyozungumza mtu anayepanga vitu vyake.

"Kugeuza kipande ni kosa la kazi. Ungeniambia pale kwenye msumari ningekuambia ni mvua, tungeenda ofisini wawili. Labda wangetufukuza wote. Lakini ningeondoka na mikono yangu." Akakunja vidole. "Niliikataa kazi ya watu nikiwa na macho bado."

Nilimwomba msamaha. Sikuwa na maneno mengi na yale niliyokuwa nayo sikuyapanga. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na nisimwekee neno ambalo hakulisema. Kisha akageuza uso upande wa jikoni, akamwambia mkewe, kwa upole sana, "Mfungue kuku."

Mkewe akainuka lakini hakusogea.

"Mfungue. Mama ana safari ndefu, mvua isije ikamkuta njiani."

Mama. Kwa miaka yote nilikuwa shemeji, hata siku aliyofukuzwa. Mama ni neno la heshima, analoambiwa mwanamke yeyote anayepita barabarani na mzigo wake.

Mkewe akakata kamba kwa kile kisu. Tetea likasimama, likajikung'uta, likakaa palepale kama halijaelewa, halafu likatoka nje kwenye rasharasha. Mimi nikainuka. Nikauliza kama nibebe katoni yangu. Akasema niiache. Nilipotoka nilimwacha ameiweka magotini, amelaza kiganja juu yake.

Mkewe alinisindikiza mpaka lango. Kwetu mgeni hatoki mikono mitupu, na sidhani alitaka kuwa wa kwanza kuvunja hilo. Alinipa mayai manne yaliyofungwa kwenye gazeti. Nilimwambia asinipe. Akasema, "Yashike, mke mwenza. Haya ni ya kuku wangu mimi, si yake." Nikamwuliza kama nimefanya vibaya kuja. Akafikiri, akiangalia matope.

"Leo atalala," akasema. "Kuja tena, ngoja nikuite."

Hakusema lini, na mimi nikaona aibu kuuliza.

Nilirudi nikamkuta binti yangu amekunja nguo za baba yake vizuri, amezipanga juu ya mto kwa kuwa hakujua katoni imeenda wapi. Nikamwambia imebaki Njiru. Aliangalia uso wangu, hakuniuliza swali lake la Alhamisi, na ninamshukuru. Tulizifunga kwenye shuka kuukuu. Uvungu nimeufagia wote kwa mara ya kwanza, na sehemu ile sakafu ni ya rangi nyingine, mraba, nyeusi zaidi, kwa sababu haijawahi kuguswa na fagio wala jua.

Sijui kama nimeandika sawa kuhusu mikono yake. Labda angepona hofu ile kwa njia nyingine bila mimi, au labda sikumrudishia kitu, nilimwonyesha tu kilichoibwa. Nimeusoma tena ukurasa huu na naona bado kuna mahali nimejipendelea, pale niliposema nilifurahi. Lakini nilifurahi. Nimeliacha.

Jioni tumekula ugali na sukuma wiki, na yale mayai manne ya kukaanga na kitunguu. Mjukuu alimaliza lake akaangalia sahani yangu. Nikampa langu.